Kuiaga RMS St Helena: Jamestown hadi Cape Town, Februari 2018

Haya nimeyaandika baada ya kurudi Unguja, kutokana na kijitabu changu cha safari na picha za simu. Aliyeitaka safari hii ni ami yangu, baharia mstaafu aliyefanya kazi chumba cha mashine cha meli za mizigo karibu umri wake wote. Aliposikia kwamba meli ya posta ya kisiwa cha St Helena inastaafishwa, na kwamba abiria wanaweza kupanda safari yake ya mwisho, alikata tiketi mbili kabla hajaniuliza kama nina nafasi. Nilikuwa nayo.

Kwa asiyekijua, St Helena ni kisiwa cha Uingereza katikati ya Atlantiki ya Kusini, kilomita za mraba 122, wakazi kama 4,500. Hakuna nchi jirani. Hadi mwaka 2017 abiria wa kawaida hakuwa na njia nyingine ila meli, na tangu 1990 meli yenyewe ilikuwa hii: RMS St Helena (RMS ni Royal Mail Ship, yaani meli ya posta), iliyoundwa Aberdeen, Scotland, urefu mita 105, tani 6,767, nusu ya abiria na nusu ya mizigo. Kreni ziko omo, yaani mbele, vyumba viko nyuma. Ilibeba barua, unga, magari, mbuzi, dawa, wagonjwa, maharusi na majeneza.

Jumamosi, 3 Februari. Johannesburg – Windhoek – St Helena

Kwenda tulipanda ndege, kurudi ndiyo meli. Tulifika Johannesburg mapema kwa makusudi, na tulifanya vyema, maana ndege ya kutoka Dar ilichelewa mpaka watu wakalala kwenye viti vya uwanjani. Ndege ya Airlink kwenda kisiwani wakati ule ilikuwa moja tu kwa wiki, Jumamosi. Aliyeikosa alisubiri wiki nzima.

Ilitua Windhoek, kisha ikawa maji matupu kwa saa nyingi. Mara kisiwa kikatokea, cheusi, kimesimama wima kutoka baharini, na ndege ikaanza kutikiswa. Upepo huo ndio uliochelewesha kila kitu. Uwanja uligharimu pauni milioni 285 na ulikuwa ufunguliwe 2016, lakini ndege za majaribio zilikuta upepo unageuka ghafla kwenye ncha moja ya njia ya ndege kutua. Meli iliyokuwa istaafu mwaka huo ikaongezewa muda, na ndege ya kwanza ya abiria ya kila wiki ikaja tarehe 14 Oktoba 2017. Kwa hiyo watu wa kisiwa walianza kuiaga meli yao 2016, wakarudishiwa, na sasa wanaiaga tena. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alisema mara ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu safari hii hakuna kitu cha kuizuia.

Kwa atakayekwenda: bima ya matibabu inayolipia kusafirishwa kwa ndege ukiugua inaulizwa mlangoni, na kibali cha kuingia kinalipiwa hapo hapo. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aandikie uhamiaji wa kisiwa mapema, asingoje kujibiwa uwanjani.

Jumapili, 4 Februari. Jamestown

Mji wote umebanwa kwenye bonde jembamba kati ya majabali mawili. Barabara kubwa ni moja, inateremka mpaka baharini. Duka lililo wazi Jumapili ni la kutafuta. Ubavuni mwa jabali kuna ngazi ya mawe ya vidato 699 wanayoiita Jacob's Ladder. Niliipanda peke yangu alfajiri. Ami alibaki ukutani pwani akiitazama bahari.

Kisiwani kila mtu anakusalimu, na dereva hakupiti bila kuinua mkono. Tulipokuwa tunatafuta chakula, bwana mmoja alisimamisha gari, akatuuliza tunatafuta nini, akatupeleka kwa dada yake. Dada yake alitukaangia vibanzi vya samaki wa jodari, vimetiwa pilipili ya kutosha, akatupakulia na wali wao wa sufuria moja wanaouita plo, wenye bizari na nyama. Tuliuliza nyama gani na imechinjwaje, akaelewa mara moja, akatupikia mwingine wa samaki. Pesa alikataa.

Jumatatu, 5 Februari

Siku ya benki. Wakati ule kisiwa hakikuwa na mashine ya kutolea pesa, na kadi hazikufaa kitu madukani. Tulipanga foleni kaunta ya Bank of St Helena na pasipoti zetu. Noti zao ni pauni za St Helena, thamani sawa na pauni ya Uingereza, ambayo kwa siku zile ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 3,100 za Tanzania. Beba pauni taslimu kutoka nyumbani. Intaneti wakati ule ilikuwa ghali mno, na iliuzwa kwa muda. Tulimjulisha Shangazi kwamba tumefika salama, tukazima.

Jumanne, 6 Februari. Rupert's Valley

Bonde linalofuata baada ya Jamestown linaitwa Rupert's. Nilitaka kufika huko kuliko kwenye nyumba ya Napoleon, mfalme wa Wafaransa aliyefungwa kisiwani hapa. Kuanzia 1840 manowari za Uingereza zilikamata majahazi ya watumwa Atlantiki na kuleta watu wake hapa. Zaidi ya Waafrika 26,000 walishushwa kwenye bonde hili kwa miaka kama 30. Inakadiriwa 8,000 wamezikwa humo, wengi walishuka wakiwa mahututi. Kabla ya barabara ya kuelekea uwanja wa ndege kujengwa, mwaka 2008, wataalamu walifukua mifupa ya watu 325. Wengine wengi bado wako chini ya vumbi lile tulilokuwa tukilikanyaga.

Ami alivua kofia. Tulisoma Fatiha, tukakaa kimya kitambo.

Jioni tulizungumza habari za Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar bila ridhaa ya Waingereza. Kila mtoto wa Unguja amesimuliwa vita vya Agosti 1896, vilivyokwisha kabla ya saa moja. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, wakamhifadhi Dar es Salaam, na Waingereza walipomkamata 1916 walimhamishia Shelisheli na hapa St Helena, kabla ya kumruhusu kurudi Mombasa, alikofia 1927. Mtu aliyelala kasri la Beit al-Hukum kule Unguja alikuja kutazama jabali hili hili kila asubuhi. Mfalme Dinuzulu wa Wazulu alitangulia, 1890 hadi 1897, na baada yake Makaburu waliotekwa vitani na Waingereza, kwa maelfu. Wote waliletwa na meli, na walioruhusiwa kuondoka waliondoka na meli.

Jumatano na Alhamisi tulifanya ya wageni wote: Longwood alikofia Napoleon, na kobe Jonathan aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 na bado anakula majani uani kwa Gavana.

Ijumaa, 9 Februari

Meli imetia nanga James Bay. Ukiiona kutoka juu ya ngazi ni ndogo sana kwa bahari ile. Ubavu wake buluu, juu nyeupe, bomba la moshi la manjano. Mji mzima ulikuwa na shughuli, lakini watu walizungumza kwa sauti ya chini, namna watu wazungumzavyo penye mgonjwa.

Mama mwenye nyumba alikaa nasi jikoni mpaka usiku. Vijana wa kisiwa, alisema, huondoka kwenda kufanya kazi visiwa vya Ascension na Falklands au Uingereza, na kila aliyeondoka alishuka ngazi ile ile ya gati. Yeye aliondoka hivyo akiwa msichana. Mumewe aliondoka hivyo kwenda kutibiwa moyo Cape Town, akarudi mzima. "Alirudi siku sita akiwa kwenye kiti cha jua, wahudumu wanamletea supu," alisema. "Alipofika hapa alikuwa ameshapona. Kwa ndege wangemleta bado mgonjwa."

Jumamosi, 10 Februari. Kuondoka

Jamestown meli kubwa haiwezi kuegesha. Abiria huingia mashua gatini, na pale kwenye ngazi zimening'inizwa kamba nene: unaishika, unangoja wimbi liinue mashua, unaruka. Vaa viatu vya raba, mikono iwe mitupu. Bibi mmoja mwembamba aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanishika mkono bila kuniuliza, tukaruka pamoja. Alikuwa anakwenda Cape Town kutibiwa macho. Hajapata kupanda ndege maisha yake. Alikuwa ameahirisha hospitali mpaka apate safari hii.

Alasiri watu walijaa kote: gatini, juu ya ukuta wa pwani, kwenye vidato vya Jacob's Ladder, ukingoni mwa majabali. Mashua za wavuvi zilizunguka meli. Nahodha Adam Williams, mwenyewe mzaliwa wa kisiwa, alikuwa juu kwenye daraja. Nanga ilipoanza kupandishwa mnyororo ulisikika sitaha nzima, na abiria wote wakanyamaza. Kisha honi. Majabali yaliirudisha, mashua zikajibu, magari mjini yakajibu, na nilipotazama kulia na kushoto kila mtu alikuwa analia, wahudumu na makoti yao meupe, Waingereza waliokuja kwa mapenzi ya meli tu, mafundi wa kisiwani wenye mikono mikubwa. Bibi hakulia. Alipunga kitambaa mpaka nyumba zikawa hazionekani, akaendelea kupunga.

Ami alishika reli kwa mikono miwili. "Mwanangu," aliniambia, "meli hii imeagwa."

Mashua zilitusindikiza mbali. Moja moja zikageuka. Kisiwa kilibaki nyuma yetu mpaka magharibi, na baada ya hapo kulikuwa na nyota.

Jumapili, 11 Februari. Baharini

Kutoka Jamestown hadi Cape Town ni maili za bahari kama 1,700, na meli inakwenda mwendo wa maili hizo 14 au 15 kwa saa. Upepo wa kusi unaikabili uso kwa uso. Inainama omo, inainuka, usiku na mchana. Wanaolewa bahari wameze dawa kabla ya kupanda, wasisubiri kichefuchefu, na waombe kabini ya katikati na ya chini.

Utaratibu wa humu ulizoeleka miaka mingi, na hakuna aliyetaka upunguzwe hata kidogo safari ya mwisho. Saa tano asubuhi wanapita na vikombe vya supu ya nyama ya ng'ombe sitahani. Saa kumi chai na keki. Mchana mmoja ni wa mchuzi wa bizari. Jioni maswali ya chemshabongo ukumbini. Mpishi alituuliza siku ya kwanza tusichokula na hakusahau tena: supu yetu ilikuwa ya mboga, na samaki hakukosekana.

Kibla: meli ikielekea kusini-mashariki, Makka iko upande wa kushoto, karibu mraba kabisa na ubavu wa meli. Ami aliipima kwa dira yake ndogo, akathibitishiwa na afisa wa zamu, ambaye baadaye alitutengea kona ya sitaha yenye kivuli na kuzuia viti visivutwe pale wakati wa sala. Mswala tuliubana kwa viatu, kwa ajili ya upepo.

Jumatatu na Jumanne, 12–13 Februari

Kriketi ya sitahani kati ya abiria na maafisa: nyavu zimefungwa pembeni, mpira ni wa kamba zilizosokotwa, na ukiupiga ukavuka wavu umekwenda na bahari. Maafisa walishinda. Saa za ukutani zinasogezwa mbele kidogo kidogo, kisiwa kikifuata saa za Greenwich na Cape Town ikiwa mbele saa mbili. Joto limepungua, tumetoa masweta.

Nilichokiona siku hizi mbili ndicho nilichotaka kukiandika tangu mwanzo. Watu wa kisiwa kile ni wachache, lakini wametawanyika duniani, na mahali pao pa kukutana palikuwa hapa. Muuguzi anayerudi kazini Uingereza alikaa meza moja na mwalimu aliyemfundisha kusoma. Ndugu wawili waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya kiwanja walipangiwa meza zinazopakana, na siku ya pili mmoja akampitishia mwenzake chumvi, kisha kiti kikavutwa. Siku tano kwenye kitu cha mita 105, utamkwepa mtu mpaka wapi? Fundi seremala mmoja aliniambia alimposa mkewe kwenye sitaha ya nyuma, kwa sababu kisiwani kila alipojaribu shangazi zake walikuwa dirishani. Mkewe, aliyekuwa pembeni yake, alisema aliijua dhamira yake tangu walipopakia mizigo.

Nami namfurahia anayefika salama kwa ndege kwa saa chache. Mgonjwa wa ghafla sasa atapona pale ambapo zamani angekufa akingoja meli. Wote humu walilisema hilo, na walilisema kwa kumaanisha. Halafu walirudi kuzungumza juu ya meli.

Jumatano, 14 Februari

Ami aliomba kuona mashine. Nilidhani atakataliwa. Mhandisi alimwuliza alikuwa meli gani, mashine za aina gani, akampa vizibo vya masikio, wakashuka. Mimi niliachwa mlangoni kwenye joto na harufu ya dizeli.

Alipopanda alikaa chini kwenye kasha la kamba, hakusema kitu kwa muda. Kisha akanieleza jambo ambalo hakupata kunieleza. Meli yake ya mwisho iliuzwa kwenda kukatwa vyuma Alang, India. Mabaharia waliambiwa wakati wa chakula cha mchana, wakashushwa bandari iliyokuwa karibu, usiku wakapandishwa ndege. Alikuwa ameitunza mashine ile miaka kumi na moja. Ufunguo wake wa spana ulibaki umetundikwa ukutani. "Hawa," alisema, akielekeza kidole chini, "wameisugua shaba leo. Kesho wanaiacha, na leo wameisugua shaba."

Usiku wa mwisho hakuna aliyekwenda kulala mapema. Ukumbini waliimba nyimbo za kisiwa, wahudumu wakaitwa mmoja mmoja kwa majina, kila mmoja akapigiwa makofi ya kusimama. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi humu tangu ujana, na wapo waliowatangulia katika meli iliyokuwa na jina hili hili kabla ya hii, tangu 1978. Mhudumu wa meza yetu alijaribu kusema asante, sauti ikakatika, akamimina chai.

Alhamisi, 15 Februari. Cape Town

Alfajiri baridi, sili majini, na Mlima wa Meza umevaa wingu. Tuliegesha asubuhi. Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko foleni ya uhamiaji ilivyohitaji, maana kila mtu alirudi kumkumbatia mtu. Mabaharia walijipanga karibu na ngazi. Ami aliwapa mkono wote, na wale wa chumba cha mashine aliwashika kwa mikono miwili.

Mjini tulikuta habari tulizozikosa: Rais Jacob Zuma alikuwa amejiuzulu usiku uliopita, na mchana huo Bunge, umbali mfupi kutoka bandarini, lilimchagua Cyril Ramaphosa kushika nafasi yake. Redio zote zilikuwa za hayo. Habari nyingine ilikuwa ukame: kila mtu lita 50 za maji kwa siku, mabango kila mahali, ndoo bafuni kukinga maji ya kuoga. Ukifikia Cape Town wakati kama huo, muulize mwenyeji wako kabla ya kufungua bomba.

Teksi ya bandarini iliomba bei tuliyoikataa. Binti wa yule bibi, anayeishi Cape Town, alituona na mabegi, akasema gari lina nafasi. Akatupitisha kwake kwanza tule. Tulinawa kwa kikombe kimoja cha maji, tukakuta plo mezani, ya samaki. Mama yake alikuwa amempigia simu akiwa bado gatini kumwambia hawa wawili hawali nyama ovyo.

Kwa wanaotaka kwenda sasa: ni ndege, kata tiketi mapema. Mwaka 2018 mizigo ya kisiwa ilianza kuchukuliwa na meli nyingine, MV Helena. RMS yenyewe, nilipokuwa namaliza kuandika haya mwezi Aprili 2018, ilikuwa imeshauzwa na kubadilishwa jina, ikaitwa MNG Tahiti. Haikupelekwa kukatwa.

Mezani pale bibi alimwuliza Ami kuhusu ndege, kwani akishatibiwa macho ndiyo itakayomrudisha. Aliuliza kama inainama, kama mtu anaweza kusimama, kama chai inamwagika. Ami alimjibu moja moja, kwa utulivu, namna alivyokuwa akiwafundisha vijana wapya mashine.

"Ikianza kushuka, mama, tafuna pipi, masikio yasizibe."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo umeshafika."

"Mara moja hivyo?" bibi aliuliza, na akamtazama binti yake, kisha Ami, akingoja aambiwe kilichobaki.